Mume wangu kakataa kusaini mifuko hewa kafukuzwa kazi, sasa mimi ndo nimemkasirikia Mungu

Shikamoo Mama,

Bwana Yesu asifiwe. Naomba usitaje jina langu maana kanisani kwetu wengi wanakusoma. Nina miaka 34, mume wangu 38, tuna watoto watatu, tumepanga Kivule. Mimi asubuhi nauza maandazi na chapati, jioni nakaanga mihogo. Mume alikuwa stokipa kwenye saiti moja ya ghorofa huku mjini, kampuni siitaji. Wote tumeokoka, mimi ndo nilitangulia, yeye ana mwaka na nusu tu ila mwenzangu aliwaka moto kwelikweli.

Ishu iko hivi. Kwenye ile saiti lori linaletaga saruji, karatasi inasema mifuko 600, ukihesabu zimeshuka 480. Hiyo 120 ni mifuko hewa. Stokipa akisaini kwamba kapokea 600 mchezo umeisha, mfuko elfu 16 piga mara 120 ni milioni moja laki tisa na ishirini, wanagawana kuanzia mtu wa manunuzi mpaka dereva. Zamani mume wangu alikuwa anasaini. Sikufichi Mama, hiyo hela nimeila, kitanda tunacholalia kimetoka humo, na nilikuwa najua nikajifanya sijui. Baada ya kuokoka akaanza kukwepa, siku ya lori mara anaumwa, mara kamwachia msaidizi. Sasa siku ya siku msaidizi hayupo, lori limeingia saa kumi na moja jioni, anasema alipanda juu mwenyewe akahesabu mara mbili, akashuka, akaandika 480, akasaini. Mtu wa manunuzi akamwambia hebu andika vizuri, akasema nimeandika vizuri. Alhamisi yake wakampa barua ya kuachishwa kazi, imeandikwa eti "amepoteza uaminifu kwa mwajiri". Mama hebu soma tena hapo. Uaminifu.

Kilichoniua mimi sio hicho. Mimi sikuambiwa. Ijumaa kaamka, kaoga, kabeba kimkoba chake na hotpoti, katoka. Jumamosi hivyo hivyo. Nimempakia wali maharage nikijua anaenda kazini, kumbe alikuwa anaenda kukaa kanisani anaomba mpaka jua linazama. Jumapili kipindi cha ushuhuda namuona huyo anasimama, anashika maiki, anasema wapendwa nimefukuzwa kazi kwa ajili ya jina la Yesu. Kanisa likalipuka, vigelegele, kinanda kikaingia, mchungaji akamkumbatia. Mimi niko benchi la nne mtoto kanilalia mapajani, wamama wananigeukia hongera mama hongera, na mimi natabasamu huku mate yamenikauka mdomoni.

Sasa hali ilivyo. Kodi ya miezi sita inaisha mwezi ujao, inatakiwa laki saba na ishirini kwa mkupuo. Kikoba nadaiwa laki tatu na nusu, marejesho kila Jumamosi, na wenzangu wa kikoba hawajaokoka kwenye mambo ya hela. Mtoto mkubwa nimemwambia muhula ukiisha tunakuhamishia kayumba, shule ya serikali, alilia usiku kucha. Na mume wangu ana amani! Analala anakoroma. Nikimuuliza tunafanyaje anasema Mungu ni mwaminifu. Kaka yake kamwambia nenda kashitaki hao watu, kasema hapana kisasi ni cha Bwana, nimemwachia Mungu. Mpendwa mmoja kanishauri nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya laki moja mlango ufunguke, hiyo laki angeniambia na pa kuitoa. Mama yangu mzazi yeye anasema huo sio wokovu huo ni ujinga.

Nimeacha kuomba. Napiga magoti maneno hayaji, nainuka naenda kukanda unga. Nachotaka kujua, kama Mungu ananipenda mimi, sio mume wangu, MIMI, mbona hakuniuliza? Halafu ni dhambi nikitamani angesaini tu siku zile ziishe? Maana kuna usiku nimewaza hivyo kabisa. Alhamisi hii inatimia wiki ya tatu tangu apewe barua.

Mke wa Stokipa, Kivule

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikakwama kwenye hotpoti. Umeamka alfajiri kukanda maandazi ya watu, bado ukampakia mtu wali maharage wa kwenda kula peke yake kwenye mabenchi ya kanisa. Mshahara kukatika kunauma, najua, ila hiyo hotpoti naona ndo inayokuamsha usiku.

Nianze na mumeo nimmalize haraka. Kafanya sawa. Sitaki mtu aje kunipindisha hapa. Kusaini 600 wakati umeona 480 ni wizi na uongo kwa pamoja, na ghorofa likipungukiwa saruji haliiangukii karatasi, linaangukia watu. Kuitwa si mwaminifu kwa jambo lile lile ulilofanya kwa uaminifu ndo bei yenyewe hiyo, ya kwake naiheshimu, na mama yako mzazi mwambie hivyo kwa adabu.

Ila na hili msomee kwa sauti akiwa amekaa. Baba watoto, ulikataa kusainia mzigo ambao hukuuona ukishuka, sawasawa kabisa. Mkeo je? Kuna mzigo umeshushwa mlangoni kwake, kodi, kikoba, kilio cha mtoto, wewe ukaandika "umepokelewa" kwa jina lake na hajaitwa hata kuhesabu. Aliusikia kwenye maiki pamoja na wageni waliokuja siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa mwajiri ulikuwa mkweli hadi wakakufukuza, nyumbani ukabeba mkoba siku mbili unaenda kazi isiyokuwepo. Huo mkoba nao ulikuwa mfuko hewa baba.

Bwana Yesu kwenye Luka 14 aliposema habari za mtu anayetaka kujenga mnara alisema "asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama". Kuketi. Watu wa ndoa wakiketi wanaketi wawili. Najua kuna mtu atanijia na mstari wa 26 wa hapo hapo, wa kumchukia baba na mama na mke, naujua tangu sijaota magego. Unasema usimpende mkeo kuliko Yesu. Haujasema umfiche mkeo halafu umwite kwenye sherehe. Makanisani tuna huu ugonjwa, anayesimama mbele tunampigia makofi, aliyebaki na watoto benchi la nne hatumuulizi. Kule Uganda tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa, wanamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa mwaka 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Inastahili. Lakini uliza watu kumi mke wake aliitwa nani. Aliitwa Mary, na yeye ndo alibaki na watoto.

Mimi haya siyasemi kwa kusoma vitabu, nimezaliwa ndani yake. Ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukafika na kwetu Bukoba, waliookoka wakaitwa balokole. Walikuwa na mambo mawili hawakubali kuyaachia. La kwanza ulichoiba unarudisha, kama Zakayo. La pili waliita kutembea nuruni, maana yake jambo huliweki moyoni ukalipikia huko, unalileta mbele ya wenzako lingali bichi. Baba yangu alikuwa mtu wa mizani kwenye ghala la kahawa. Mkulima akileta gunia, kidole cha baba kinaisaidia sindano. Akaokoka, mimi nina miaka saba, akaenda kwa wakubwa wake akaungama, wakamfukuza kabla hajamaliza sentensi. Halafu akachukua daftari akaanza kuzunguka vijijini analipa wakulima, mmoja mmoja, mwingine kashasahau anashangaa huyu vipi. Walioanza kuuzwa ni mbuzi wawili wa mama. Wa mama, aliotoka nao kwao. Hakuulizwa. La kwanza baba alilishika, la pili kwa mkewe mwenyewe lilimshinda.

Mama hakugomba. Alinyamaza. Ibada ya jioni ikianza yeye yuko jikoni anamenya ndizi, akiambiwa njoo uombe anasema ombeni nyie. Sikumbuki ilichukua muda gani, kwa mtoto ulikuwa mrefu sana. Na ngoja nikwambie kitu ambacho yule wa mbegu hatakwambia, hatukurudishiwa. Baba hakupata tena kazi ya ofisi, alizeeka akiwa mlinzi wa shule ya msingi, koti moja na rungu. Mbuzi hawakurudi. Ile ahadi ya mara mia kwenye Marko 10:30 ipo, mimi naiamini, ila isomeni yote jamani, mmeikata mkia. Anataja nyumba, ndugu, mama, watoto, mashamba, halafu anaongeza "pamoja na udhia", yaani mateso. Neno hilo halimo kwenye mabango ya mikutano. Laki yako usiipeleke popote, una marejesho Jumamosi.

Kilichokuja kwetu ilikuwa mwanamke mmoja wa ushirika wa kanisani, mama alikuwa hampendi hata kidogo, anasema ana mdomo. Akaanza kuja kila Jumanne na maharage kwenye kikapu. Hakuleta mstari hata mmoja. Anakaa chini, anachukua kisu kingine, anamenya ndizi pembeni ya mama, wananyamaza wote wawili, anaondoka. Jumanne nyingi sana. Nimeshakuwa mtu mzima nina watoto wangu nikamuuliza mama, hivi Mungu ulimsamehe lini? Akacheka, akaniambia nani kakwambia nimemaliza. Na mwanamke huyo huyo aliyesema hivyo ndo alikuwa anatuamsha sote saa kumi na moja tuombe.

Kwa hiyo unaponiuliza Mungu ananipenda mbona hakuniuliza, mwanangu, aliyetakiwa kukuuliza ni mumeo, mnalala kitanda kimoja, na hakukuuliza. Usimbambikie Mungu kesi ya mume. Zitenganishe hizo hasira mbili uone kila moja ina kilo ngapi. Ya mume utampa mume leo jioni. Itakayobaki ya Mungu mpelekee Mungu mwenyewe na usiipambe. Ukipiga magoti maneno hayaji, sema hilo hilo, nimekukasirikia, ishia hapo, nenda kakande unga. Zaburi ya 13 inaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na hiyo tunaisoma kanisani tunasema neno la Bwana, aliyeisema hakufukuzwa ushirika.

Halafu msome Naomi. Kitabu cha Ruthu ni sura nne tu, chapati hazijaisha kuiva umeshamaliza. Mume ndo alimhamisha Bethlehemu akampeleka Moabu, huko akafiwa na mume na watoto wake wote wawili, akarudi kijijini wanawake wakaja kumpokea, akawaambia msiniite Naomi, niiteni Mara, "mimi nilitoka hali nimejaa, naye BWANA amenirudisha sina kitu". Hakuna mahali popote mle amekemewa kwa kauli hiyo. Ila angalia, wakati anasema sina kitu, Ruthu kasimama hapo hapo pembeni yake na vumbi la safari miguuni. Hakuwa anamuona bado. Mimi siwezi kukuahidi kodi itatoka wapi, ningekuahidi ningekuwa mwongo. Ninachokwambia ni kwamba upendo wa Mungu kwetu ulikuja na kikapu cha maharage, umebebwa na mtu tusiyempenda, na mama karibu amfukuze mlangoni. Paulo kwenye Warumi 8 anauliza ni nani atakayetutenga na upendo wa Kristo, anataja dhiki, anataja njaa, anataja uchi. Hajasema havitakuja. Vimewekwa kwenye orodha kwa sababu vilishawahi kuja kwa wapendwa tena wengi tu.

Kutamani angesaini? Wazo lililokujia usiku huku unapiga hesabu ya kodi sio dhambi, ni uchovu. Ingekuwa dhambi ungemwamsha umwambie arudi akasaini, na hukumwamsha. Ila na wewe una lako la kuweka nuruni, umeligusa halafu ukalipita haraka. Ulikuwa unajua. Mwambie mumeo hivyo, kwamba nilijua na nilikula, maana hiyo miaka mliyoiba mliiba wawili, na ukimwambia hilo hatakusikiliza kama mshitaki. Kitanda msikichome moto tafadhali, nimeshaona watu wa mihemko. Lalieni, mtajua baadaye cha kufanya.

Mambo ya chini chini sasa. Kikoba usikimbie, nenda kwa mwenyekiti kabla ya Jumamosi umwambie ukweli uombe kupunguziwa rejesho, wanawake wa kikoba wanachukia kufichwa kuliko kucheleweshewa. Kayumba mtoto hafi, tumesoma huko wengi, na ada hailipwi, mpe tu muda wa kulilia rafiki zake na usimwambie ni mapenzi ya Mungu, mwambie baba alikataa kuiba. Mchungaji mwendee wewe na mumeo, sio kwenye maombezi, ofisini, mumwambie kwa tarakimu, mchungaji kodi ni laki saba na ishirini na inaisha mwezi ujao. Kanisa lililopiga vigelegele kwa ushuhuda lisikie na bei yake. Wakikupa elfu hamsini pokea, usione aibu.

Na hilo la nimemwachia Mungu, hapana. Kisasi ni cha Bwana, ndiyo, lakini haki ya kazini sio kisasi. Paulo alipoona wanataka kumchezea mbele ya liwali kwenye Matendo 25 hakusema namwachia Mungu, alisema "nataka rufani kwa Kaisari". Huyo huyo Paulo ndo kamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Mumeo kaachishwa kwa barua yenye sababu ya uongo na ana ushahidi, ile karatasi ya 480 ina saini yake, na kama ana nakala au hata picha kwenye simu asiifute. Kwa sheria zetu za Tanzania mtu akiona kaachishwa isivyo halali anapeleka lalamiko CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Zikipita inabidi kwanza aombe kuruhusiwa kuchelewa aeleze sababu, na "nilikuwa nimemwachia Mungu" sijui kama wataielewa. Kuna fomu anajaza, nakala anapelekewa mwajiri, wanaanza na kusuluhishwa. Hata asiporudishwa kazini, aombe hati ya utumishi aliyofanya, mtu hatafuti kazi nyingine ya stoo akiwa mikono mitupu.

Umesema Alhamisi hii ni wiki ya tatu. Hiyo ni siku ya 21. Zinabaki tisa na katikati kuna Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa, ndo maana nimekutumia haya kwa meseji kabla hayajatoka hapa. Jumatatu mihogo mwachie jirani akukaangie, nendeni CMA wote wawili, barua ya kazi, barua ya kufukuzwa, kitambulisho. Hotpoti mbebe moja, muile pamoja hapo kwenye benchi mkisubiri kuitwa.